Chati ya mashine ya hali iko sawa, saketi inagoma: tafuta tatizo kwa dalili zake

Umechora chati yako ya mashine ya hali (mchoro wa saketi inayohama kutoka hali moja kwenda nyingine kwa mapigo ya kloki), umetoa milinganyo au umeiandika kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, umepakia kwenye FPGA, yaani chipu unayoipanga mwenyewe, au umepanga chipu kwenye ubao wa majaribio, unawasha, na saketi inafanya mambo ambayo hayapo kabisa kwenye karatasi. Usianze kung'oa waya. Na usianze kubadilisha geti hili la mantiki na lile ovyo ukitumaini kitu kitakaa sawa, maana mara nyingi utaficha tu tatizo na litakuja kujitokeza kazi ikiwa imeshakabidhiwa.

Shika kwanza swali moja, ulibebe kwenye dalili zote zilizoko hapa chini: hiki nilichochora, kinatokea kwenye mzunguko upi wa kloki? Chati hii inafanana kwa sura na chati mtiririko ya programu ya kompyuta, na hapo ndipo watu wanapotea. Kwenye programu kila boksi lina zamu yake, la juu kwanza halafu la chini. Huku sivyo. Boksi la hali, yaani ule mstatili, pamoja na almasi zote za uamuzi na maboksi ya mviringo ya autoputi zenye masharti yaliyo chini yake, mpaka mshale ufike kwenye boksi la hali jingine, vyote hivyo ni bloku moja na vinaishi ndani ya mzunguko mmoja wa kloki. Mshale ulioko ndani ya bloku hauna muda wowote. Muda unapita pale tu unapoingia kwenye boksi la hali. Mbinu hii aliianzisha Thomas Osborne kule Berkeley miaka ya 1960, Hewlett-Packard wakaichukua, na Christopher Clare akaja kuiandika kwa mpangilio, na tangu mwanzo sheria ni hiyo hiyo: bloku moja, mzunguko mmoja.

Kaunta inazidi moja, au haiishi kabisa

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ukiielewa hii zingine nyingi zinajieleza zenyewe.

Chukua mashine ya kutuma biti 8, moja baada ya nyingine. Hali S0 inasubiri ishara ya ANZA, ikija inapakia rejista na kuweka kaunta C ← 0 halafu inaenda S1. Ndani ya S1 umeandika SUKUMA, yaani toa biti moja, na C ← C+1, chini yake almasi inauliza "C = 8?", ndiyo inarudi S0, hapana inabaki S1. Ukisoma kama programu ni safi kabisa: ongeza moja, kisha uliza kama imefika nane. Lakini saketi haisomi hivyo. Ile C ← C+1 inatokea kloki inapopanda (inapotoka 0 kwenda 1) mwishoni mwa mzunguko, wakati mashine inaondoka kwenye hali, na almasi inaangalia thamani iliyopo sasa hivi kabla kloki haijapanda, kwa hiyo almasi inaona C ya zamani. Mzunguko wa kwanza ndani ya S1 almasi inaona 0, wa pili inaona 1, na ule wa nane inaona 7. Kwa hiyo ukiuliza C = 8 umeshasukuma mara 9, biti moja zaidi, na anayepokea upande wa pili anapata takataka.

Sasa kuna sura mbaya zaidi ya tatizo hilo hilo. Kama kaunta yako ni ya biti 3, C haiwezi kufika 8 hata siku moja, inatoka 7 inarudi 0, kwa hiyo mashine inakwama S1 milele ikisukuma tu, na wewe unaanza kulaumu kloki au riseti wakati kosa liko ndani ya almasi. Dawa ni kuuliza C = 7. Na ukiuliza hivyo kwa kaunta ya biti 3 unapata na zawadi juu, kwamba unapotoka S1 kaunta inajirudisha yenyewe 0.

Namna ya kuthibitisha: chora jedwali dogo, mstari mmoja kwa kila mzunguko wa kloki, safu ya hali, safu ya C, safu ya jibu la almasi, na safu ya hali inayofuata. Usiruke mistari. Mtu anayeona jedwali hilo ni la wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye atakayekesha na osiloskopu.

Autoputi inawahi au inachelewa mzunguko mmoja

Hapa angalia umeiandika wapi. Autoputi iliyoko ndani ya mstatili inategemea hali peke yake, hiyo ni tabia ya Moore. Iliyoko kwenye boksi la mviringo baada ya almasi inategemea hali pamoja na inputi, hiyo ni ya Mealy. Majina yanatokana na Edward Moore na George Mealy, makala zao ni za 1956 na 1955, na tofauti yao kwa vitendo ni mzunguko mmoja: Mealy anajibu ndani ya mzunguko ule ule inputi ilipokuja, Moore anasubiri mpaka mashine ihamie hali mpya ndipo anajibu.

Kwa hiyo ukiona inachelewa mzunguko mmoja kamili, yawezekana uliihamisha kutoka mviringo kuipeleka kwenye mstatili wa hali inayofuata ukidhani ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Ukiona inachelewa mizunguko miwili, tafuta kama kuna mahali umeipitisha kwenye flipu-flopu ya ziada (kifaa kinachoshika biti moja mpaka kloki ipande tena), mara nyingi ni ile programu ya Verilog ambapo umeandika autoputi ndani ya sehemu ya kloki na hukukumbuka kwamba kila kinachoandikwa hapo kinapata flipu-flopu yake. Hakuna ubaya, ila lazima chati ijue.

Autoputi inabaki imewaka, au inazima wakati ilitakiwa iendelee

Mstatili mmoja unabeba vitu vya aina mbili na wengi hawavitenganishi. Ukiandika jina la ishara tu, mfano TAA, maana yake TAA ni 1 kwenye hali hii na ni 0 kwenye kila hali ambayo TAA haikutajwa. Ukiandika kwa mshale, mfano R ← 1, hiyo ni rejista, inashika thamani yake mpaka mtu mwingine aje kuibadilisha. Sasa mtu anaandika TAA kwenye S2 akitegemea itaendelea kuwaka mpaka S5 "nitakapoizima". Haitaendelea. Ama uitaje kwenye S2, S3, S4, ama uipe flipu-flopu yake uiwashe na kuizima kwa mshale.

Kinyume chake kinatokea kwenye programu ya Verilog: umeandika thamani ya TAA kwenye baadhi ya hali tu na zingine umeziacha kimya, basi lugha inaelewa "shikilia ya zamani" na inakuzalia lachi, kumbukumbu ya biti moja isiyofuata kloki, ambayo hukuiomba. Programu ya kutengeneza saketi huwa inatoa onyo kuhusu hilo, tafadhali soma maonyo. Dawa ni rahisi, juu kabisa ya sehemu ya mantiki weka autoputi zote 0, halafu kila hali iwashe zake. Hapo programu inafuata kanuni ile ile ya chati.

Inarudi S0 bila sababu, au inarukia hali ambayo haina mshale

Hii ukikuta shukuru, kwa sababu dalili yenyewe inakutajia kosa. Sheria ya bloku ni kwamba kwa kila mchanganyiko wa inputi lazima kuwe na njia moja ya kutokea, moja tu, sio sifuri na sio mbili.

Tuseme kutoka S0 unaenda S1 kama A ni 1, na unaenda S2 kama B ni 1. Kwenye chati umezipanga almasi vizuri, A kwanza na B chini yake upande wa hapana, lakini ulipokuwa unatoa milinganyo kwa mkono ukaandika njia ya S2 kuwa ni "S0 na B" ukasahau "na si A". Sasa A na B zikija pamoja njia zote mbili zinafunguka. Kama misimbo ya hali, yaani biti zinazowakilisha kila hali, ni S1 = 01 na S2 = 10, geti la OR linazijumlisha unapata 11, na mashine inatua S3, hali ambayo haina mshale wowote kutoka pale. Kwa mtindo wa flipu-flopu moja kwa kila hali ndiyo utaona hali mbili zimewaka kwa pamoja na zote zinaendelea kutembea. Kwa hiyo ukikuta mashine imetua mahali pa ajabu chukua msimbo wa pale, jiulize ni misimbo ipi miwili ukiijumlisha kwa OR unaupata, na umeshajua njia zipi mbili zinagongana.

Na kama njia imesahaulika kabisa? Hakuna geti linalotoa 1, flipu-flopu zote aina ya D zinapokea 0, na 00 kwa watu wengi ndiyo S0. Ndiyo maana inarudi mwanzo "bila sababu". Sababu ipo, ni njia uliyoikosa kwenye milinganyo.

Ukaguzi wake unafanyika bloku kwa bloku: andika sharti la kila njia, OR ya masharti yote lazima itoe 1, na AND ya kila mawili lazima itoe 0. Kwa chati ya hali kumi ni kazi ya muda mfupi tu, fanya kabla hujajenga chochote.

Halafu kuna kosa la kitanzi cha ndani, pale mtu anapotaka "subiri mpaka X iwe 1" anachora mshale wa hapana unarudi juu ya almasi yenyewe. Kwenye programu ya kompyuta inaleta maana, huku haina, kwa sababu kitanzi hicho hakina flipu-flopu ndani yake kwa hiyo hakuna kitu cha kusubiri nacho. Mshale lazima urudi kwenye mlango wa boksi la hali. Kosa la namna hiyo linaweza pia kujificha kati ya mashine mbili, moja ina autoputi ya Mealy inayoingia kwenye ya pili, na ya pili ina ya Mealy inayorudi kwenye ya kwanza, tayari una kitanzi cha mageti matupu ambacho hakuna chati hata moja inayokionyesha. Upande mmoja ufanye uwe wa Moore.

Inaganda ikiwashwa, mara zingine inaanza vizuri

Hesabu misimbo ambayo hukuitumia. Hali 5 zinahitaji flipu-flopu 3, ambazo zina misimbo 8, kwa hiyo 3 ziko wazi, na ukitumia flipu-flopu moja kwa kila hali ndiyo balaa, 5 zinatoa michanganyiko 32 na halali ni 5 tu. Umeme ukiwaka flipu-flopu inaweza kuamka popote. Ulipopunguza milinganyo kwa jedwali la Karnaugh ukaweka alama ya "haijalishi" kwenye misimbo mitupu, na kumbe ikajipanga kwamba 110 inaenda 111 na 111 inarudi 110, mashine ikiamkia humo haitoki tena.

Weka riseti ya kweli inayopeleka S0, na misimbo mitupu yote uipe njia ya kurudi S0 badala ya "haijalishi". Kwenye Verilog au VHDL, lugha nyingine ya namna hiyo, watu wanaandika ile hali ya "zilizobaki zote" wanadhani wamemaliza, lakini programu ya kutengeneza saketi ikiona hali hizo hazifikiki kwa njia yoyote ya kawaida inaweza kuzifuta kimya kimya, kwa hiyo tafuta ule mpangilio wake wa mashine salama uuwashe. Na ujue pia kwamba programu hizo zinaweza kubadilisha misimbo yako zenyewe, wewe umeandika 3 biti, yenyewe imejenga 5, kwa hiyo ukipima ndani ya chipu usishangae namba hazifanani.

Kama riseti ipo na bado inaanza vibaya mara moja moja, angalia inavyoachiliwa. Ikiachiliwa karibu sana na kloki inapopanda, flipu-flopu moja inaweza kuhesabu kwamba riseti imeisha na jirani yake ikahesabu bado. Riseti iingie muda wowote ikitaka, ila kuachiliwa kwake kupitishwe kwenye flipu-flopu za kloki ile ile.

Inafanya kazi vizuri kwa muda mrefu halafu ghafla inapotea

Dalili hii inawavunja watu moyo kuliko zote kwa sababu haijirudii unapoitafuta. Na karibu kila mara kitu cha kwanza cha kukagua ni kimoja: je kuna inputi inayotoka nje ya kloki yako ikaingia moja kwa moja kwenye mantiki ya hali inayofuata? Kitufe, kihisi, waya kutoka ubao mwingine, ishara kutoka kloki nyingine, yoyote ile.

Inachotokea ni hiki. Uko 00, X ikiwa 1 unatakiwa uende 11. X inabadilika karibu kabisa na kloki kupanda, waya wa kwenda flipu-flopu ya kwanza ni mfupi kidogo, wa pili mrefu kidogo, ya kwanza inaona 1, ya pili bado inaona 0, na umetua 10. Kwa mtindo wa flipu-flopu moja kwa kila hali inaweza kutokea hali ya zamani imezima na mpya haijawaka, zote ziko 0, mashine imekufa na hakuna kitakachoifufua isipokuwa riseti. Juu ya hapo kuna flipu-flopu yenyewe kubaki katikati kwa muda, si 0 si 1, kabla ya kuamua upande.

Dawa ni kupitisha inputi kwenye flipu-flopu mbili mfululizo kabla haijagusa chati. Ya kwanza ndiyo inabeba hatari, ya pili inaipa muda wa kutulia. Utachelewa mzunguko mmoja mpaka miwili, hiyo bei lipa. Lakini ipitishe mahali pamoja tu halafu ndipo uisambaze, ukiipitisha mara mbili kwa njia tofauti umerudisha tatizo lile lile. Na kundi la biti zinazobeba namba usilipitishe biti moja moja, kwa sababu kila biti itafika kwa wakati wake, hapo tumia ishara moja ya "data iko tayari" na jibu la "nimepokea".

Kubonyeza mara moja kunahesabiwa mara nyingi

Kloki ya MHz 50 ina mzunguko wa nanosekunde 20. Kidole kinakaa juu ya kitufe mamilioni ya mizunguko. Chati yenye hali moja ya kusubiri kitufe lazima iwe na hali ya pili ya kusubiri kiachiliwe, bila hiyo mashine itazunguka na kukuta bado kimebonyezwa. Na chuma cha kitufe kinadundadunda milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo kisome kila milisekunde 10 hivi, ambayo kwa kloki hiyo ni kaunta ya mizunguko 500,000.

Autoputi inatoa vimwako vidogo

Ukitoka 01 kwenda 10 biti mbili zinabadilika na haziwezi kubadilika sawasawa, kwa muda mfupi mageti yanaona 11 au 00, na kama autoputi Z ni ya hali 11 itatoa kimwako. Je ni tatizo? Kama Z inasomwa na kitu chenye kloki ile ile, hapana, itakuwa imetulia kabla kloki haijapanda, achana nayo. Kama Z inaingia kwenye mguu wa kloki wa chipu nyingine, au mguu wa kufuta, au wa kuandika kumbukumbu, basi ni tatizo kubwa na ipitishe kwenye flipu-flopu yake kwanza.

Simulesheni inapita, ubao unakataa

Punguza kasi ya kloki kwanza. Ipunguze sana, hata mara elfu. Kosa likibaki pale pale na linajirudia kwa mpangilio ule ule, ni la mantiki, na simulesheni yako haikujaribu mchanganyiko huo wa inputi, rudi kwenye jedwali. Kosa likitoweka kabisa, ni la muda: kuna bloku moja ina almasi nyingi mfululizo na mageti yake yote lazima yamalize ndani ya mzunguko mmoja, kwa MHz 100 ni nanosekunde 10 tu. Gawa bloku hiyo kwa kuongeza boksi la hali katikati, halafu pitia upya autoputi zote zilizokuwa chini yake maana sasa zimesogea mzunguko mmoja. Kosa likipungua tu bila kuisha, linatokea kwa nadra zaidi kuliko mwanzo, rudi kwenye inputi za nje.

Halafu angalia simulesheni yenyewe ilianzaje. Kama uliipa rejista ya hali thamani ya kuanzia ndani ya programu ya majaribio, simulesheni imeanza S0 kwa hisani yako na ubao haukupewa hisani hiyo. Iondoe, acha rejista ianze ikiwa haijulikani, bonyeza riseti ndani ya simulesheni kama itakavyobonyezwa kwenye ubao, na badilisha inputi karibu na kloki inapopanda badala ya katikati ya mzunguko ambako kila kitu kimetulia. Toa na biti za hali kwenye miguu ya nje ya chipu uziweke taa au kichambuzi cha mantiki, biti 3 tu zinatosha kwa mashine ya hali 8, na ufuate chati kwa kidole, bloku kwa bloku, mpaka ufike pale ambapo ubao na karatasi vinaachana.